Namba Niliyoandika Darchen

Jumapili, 10 Machi 2002

Daftari hili nimelifungua kwa hasira na sioni haya kusema. Hitesh alikuja leo kutoka Nairobi, akakaa sebuleni kwa mamake dakika arobaini, na katika dakika hizo akasema "Mama hawezi" mara tisa. Nilihesabu. Mamake alikuwa amekaa papo hapo, masikio mazima, akili timamu, lakini kijana aliongea na mimi tu, huku mama wa watu akikoroga chai yake.

Mambo yenyewe ni haya. Mama Manjula amejiandikisha kwenda Tibet na msafara wa mahujaji Wahindu wa Nairobi. Huko kuna mlima unaitwa Kailash, wao wanaamini Shiva, Mungu wao, anakaa juu yake, na chini yake kuna ziwa la Manasarovar. Unaoga ziwani, halafu unauzunguka mlima siku tatu. Haupandwi, ni mwiko. Mama ana miaka sitini na minane. Alizaliwa hapa Machakos, akaolewa hapa, akauza vitambaa hapa miaka arobaini, na Kikamba chake ni safi kuliko cha watoto wangu mimi. Tangu nistaafu hospitalini ndiye mgonjwa wangu wa pekee: presha, sukari, miguu. Namwita mwaitu, yaani mama. Yeye huniita Ndunge tu, akinikasirikia ndio naitwa Sista.

Daktari kasema hawezi. Hitesh kasema hawezi. Kiongozi wa msafara, bwana mmoja anaitwa Vinod, kasema kwa simu kwamba atamkubali akija na mtu wa kumwangalia, kwa sauti ya mtu anayeomba huyo mtu asipatikane.

Nikasema yuko. Ni mimi.

Jumapili, 17 Machi

Tumepanda vilima vya Iveti, mimi na mwaitu, kutoka Mutituni kwangu mpaka kwenye miti ya serikali. Masaa mawili na nusu, alipumzika mara tatu. Hitesh aje aone.

Jumapili, 31 Machi, Pasaka

Baada ya misa akina mama wa jumuiya walinizunguka. Kalondu, ambaye nimemzalisha watoto wanne kwa mikono yangu hii, aliniuliza mbele ya watu kama ni kweli nakwenda kuabudu mlima. Nikamwambia nakwenda kupima presha. Akasema presha inapimwa hata Machakos. Wote wakacheka.

Nilirudi nyumbani nikayamwaga yote. Kwani Mama Manjula alipoleta mablanketi ya wodi ya wazazi mwaka ule wa njaa, kuna aliyeuliza anaabudu nini? Muindi mume wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema mbolea imefika, akatoka.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua kubwa. Iveti tumepanda kwa mara ya tano, na mwavuli. Mara mbili tu kupumzika.

Jumatano, 24 Aprili

Hitesh amepiga simu eti ninamchochea mamake. Ninamchochea! Mwanamke aliyelea watoto watatu na duka, anahitaji kuchochewa na nani? Nilimwambia hivi: watu wa kwenu wamezoea lifti, sisi tumezoea milima, na mlima ni mlima. Akakata simu. Nilifurahi siku nzima.

Jumatano, 15 Mei, Kathmandu

Tumefika. Vinod ndiye huyo sasa: mfupi, miwani, kalamu tatu mfukoni. Tuko mahujaji kumi na tisa pamoja na mimi nisiyehiji. Alipotutambulisha alisema, "Na huyu ni yaya wa Manjulaben." Mwaitu kapewa "ben", yaani dada. Mimi yaya. Nimefanya kazi ya unesi miaka ishirini na tisa, nimeshona watu waliokatwa panga saa hizo daktari hajaamka, leo mimi ni yaya. Mwaitu alitaka kumsahihisha, nikamkanyaga mguu. Acha aone mwenyewe.

Jumapili, 19 Mei, Nyalam

Tumevuka mpaka. Ndani ya siku mbili tumepanda mpaka mara mbili na nusu ya urefu wa Machakos, na sasa hata kufunga kamba za viatu kunakuhemesha. Kiongozi wa njia anaitwa Dawa, Mnepali mpole. Anasema tembeeni polepole, kunyweni maji, msijione.

Aibu yangu ya leo niiandike. Nilibeba kilo mbili za muthokoi, mahindi yetu yale yaliyokobolewa, na maharagwe, ili mwaitu ale kitu cha nyumbani. Nilikaa jikoni na wapishi kutoka saa nne asubuhi mpaka saa kumi. Maji yanatokota vizuri sana, lakini mahindi ni mawe. Mpishi alinieleza kwa mikono kwamba huku juu maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Sikujua. Mwaitu alitafuna punje moja moja, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akasema siku hiyo meno yake ya bandia yamehiji.

Jumanne, 21 Mei

Sasa nimekuwa nesi! Daktari wa msafara aliugua Kathmandu akabaki, basi Vinod amenikabidhi kidude cha kubana kidoleni kinachosoma hewa iliyomo kwenye damu. Nyumbani mtu mzima ni tisini na saba, tisini na nane. Huku wengi wako themanini na kitu. Kila jioni nipime watu wote niandike kwenye karatasi yake. Chakula bado nakula na madereva.

Sheria yake: atakayesoma chini ya sabini na tano pale Darchen, mji wa mwisho kabla ya mlima, anabaki Darchen. Aliisema akimwangalia nani? Mwaitu. Kuna mzee wa Kisumu mwenye tumbo kama gunia la makaa anayehema akila, huyo hakuangaliwa.

Niliona kitu leo kikanituliza kidogo. Wapagazi wa Kinepali wanabeba mizigo kwa mkanda unaopita kwenye kipaji cha uso. Ni mukwa wetu kabisa, ule niliobebea maji utotoni Mwala mpaka nikapata alama kichwani. Mmoja wao, Man Bahadur, nilimwonyesha alama yangu, naye akanionyesha yake.

Ijumaa, 24 Mei, ziwani

Tumefika Manasarovar saa nane mchana. Sijui kuandika mambo ya uzuri. Maji ni ya buluu ambayo sijaiona kwenye kitambaa chochote cha duka la mwaitu, na ng'ambo, mlima peke yake, mweupe.

Mwaitu aliingia majini mpaka kiunoni. Nilimshika mkono, nikawa naomba Bikira Maria kwa meno yanayogongana. Alitoka, nikamkausha, nikamvika sweta tatu, akakaa juu ya jiwe hakutaka kuondoka. Alisema, "Ndunge, nimefika." Nikamwambia bado, mwaitu, bado mlima. Akatikisa kichwa, nikachukulia kuwa ni ndiyo. Ndipo Vinod akaanza kupuliza filimbi eti chai imeiva, watu wazima wanaitwa kwa filimbi, nikaenda kumwambia maneno yake.

Jumamosi, 25 Mei, Darchen

Nimefanya jambo. Naliandika kama lilivyo.

Jioni nilipima. Watu kumi na saba sawa. Mzee wa Kisumu sabini na saba, amepita. Mwaitu amelala kwenye kitanda chake, anakohoa kikohozi kidogo kikavu, anasema ni vumbi. Nikambana kidole. Sabini na moja. Nikambana cha pili. Sabini na moja. Nikampasha mikono kwa chai ya moto, nikarudia. Sabini na mbili, ikashuka.

Nilitoka na karatasi. Nje Vinod alikuwa anaongea na Dawa kuhusu farasi, na aliponiona hakuuliza habari ya mtu mwingine. "Manjulaben anabaki, sivyo?" Hakungoja hata nimpe karatasi! Tangu Machi naisikia hiyo sentensi kwa midomo ya watu mbalimbali, mama hawezi, mama abaki, na hakuna hata mmoja aliyepanda Iveti mara tisa na huyo mama. Damu ilinipanda kichwani.

Nikasema, "Themanini na moja." Nikaandika hapo hapo, 81, mbele yake. Alitoa miwani, akaifuta, akasema vizuri.

Mwaitu hakuniuliza. Nami sikumwambia. Nilimwambia tu ajiandae, kesho tunaanza.

Jumapili, 26 Mei

Naandika kwa haraka. Watu ni maelfu. Dawa anasema huu ni mwaka wa farasi kwa Watibeti, unaokuja baada ya kila miaka kumi na miwili, na mzunguko mmoja mwaka huu ni sawa na kumi na tatu. Asubuhi wamesimamisha mlingoti mkubwa wenye bendera, na watu wakalia. Mwaitu amepanda farasi mpaka hapa Dirapuk. Mlima uko juu yetu. Hakula. Kikohozi.

Jumanne, 28 Mei, Purang

Jana sikuandika. Leo nina nafasi, nimekaa kwenye korido ya hospitali.

Jana alfajiri niliamshwa na sauti ya kupumua ya mwaitu. Nimesikia sauti hiyo wodini mara nyingi, hainidanganyi. Alikuwa amekaa wima kwa sababu kulala hakuwezekani, midomo imekuwa rangi ya zambarau. Niliweka sikio mgongoni kwake, chini ya mbavu, nikasikia mapafu yakichemka. Akakohoa kwenye kitambaa, kukatoka povu la waridi. Kidude kilisoma hamsini na nane.

Nje watu walikuwa wanafunga virago kwenda juu kwenye pito la Dolma, mahali pa juu kabisa pa safari. Farasi wake alikuwa ameshatandikwa. Mwaitu aliniambia nimvalishe viatu. Nikamwambia hatuendi, tunashuka. Akasema ni masaa manne tu mpaka juu, na akifia pale ni heri, watu huomba kufia pale. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini alimaanisha.

Nilimwacha akiwa ameegemea mizigo, nikaenda kwa Vinod. Alikuwa katikati ya watu wake, wanaimba. Nikamwambia mbele ya wote: anakufa, mapafu yamejaa maji, na ile themanini na moja ya juzi ni uongo wangu, ilikuwa sabini na moja.

Nilijiandaa kutukanwa. Nilikuwa hata na majibu. Hakunifokea. Alikimbia, mtu yule mfupi, akaleta chupa ya oksijeni, ndiyo moja tu tuliyokuwa nayo, na koti lake mwenyewe. Alipokuwa akifungua bomba aliniambia kwa sauti ya chini kwamba miaka minne iliyopita alimwacha mwanamke wa Nakuru juu ya pito lile, chini ya mawe. Dada ya mkewe. Ndiyo maana ya sabini na tano. Akasema, "Niliuliza habari ya Manjulaben kwanza kwa sababu ndiye niliyemwogopea." Halafu akaenda kutafuta farasi.

Hapo ndipo hasira ilinirudia, na nashukuru, maana bila hiyo ningeanguka. Mwenye farasi alikataa. Mlima unazungukwa upande mmoja, mkono wa kulia ukiuelekea, na wao hawarudi kinyume, hata kwa mgonjwa. Wa pili akakataa. Wa tatu akaweka mikono kifuani, akainama, akakataa. Nilipiga kelele kwa Kikamba, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza. Mtu mzima anazama ndani ya mwili wake, na nyinyi mnaangalia upande gani miguu inaelekea! Dawa alinivuta pembeni, akasema hawana ubaya, mimi mwenyewe kwetu hakuna jambo nisilolifanya hata nikipigwa?

Aliyekuja ni Man Bahadur. Alimwaga vyombo vya jikoni kutoka kwenye kikapu chake, akaweka blanketi, tukamkalisha mwaitu ndani akiangalia nyuma, akapitisha mkanda kwenye kipaji chake na kuinuka. Tukaanza kushuka. Alipochoka nilichukua mimi. Hatua sitini, nikampa, hatua sitini tena. Nina miaka hamsini na sita na sijabeba kitu kwa mukwa tangu niolewe, lakini shingo haikusahau. Vinod alitembea kando akishika chupa. Aliwaacha watu wake kumi na saba wapande na Dawa, akarudi kinyume na sisi, yeye mwenye kulipa deni la miaka minne kwa Mungu wake. Hakulisema hilo. Nililiona mwenyewe alipogeuka mara moja kuutazama mlima.

Maelfu wakitujia usoni. Wazee, wanawake wenye watoto mgongoni, wengine wakijilaza chini na kuinuka na kujilaza tena. Wote wakipanda, sisi watu watatu na kikapu tukishuka. Walitupisha, wakashika vichwa vyao.

Na mwaitu, kila niliponyanyua, alinipiga ngumi begani. Ngumi za mtoto mchanga, hana nguvu, lakini alipiga. Alikuwa anasema Kikamba tu, neno moja: nirudishe.

Mlingotini gari lilikuwa linangoja. Tulipita kando ya ziwa, aligeuza shingo akaliangalia mpaka likaisha. Saa tisa tulikuwa Purang, chini zaidi, na madaktari wa jeshi.

Alhamisi, 30 Mei

Themanini na tisa. Amekunywa uji. Haongei na mimi. Anamwambia Vinod kwa Kihindi, naye ananitafsiria: "Mwambie Sista afunge dirisha."

Jumapili, 9 Juni, Machakos

Nyumbani. Maharagwe Muindi ameshayavuna. Hitesh alimchukua mamake uwanja wa ndege, na mimi akaniambia nisije tena.

Jumapili, 16 Juni

Kwenye hekalu la Wahindu hapa mjini kumefanywa sherehe ya waliorudi. Sikualikwa, nilisimuliwa na Ngina anayefagia huko. Waliozunguka walivalishwa maua shingoni. Hitesh alitaka mamake naye avalishwe, akasema ni kama amezunguka, nia ni ile ile. Mama Manjula akasukuma maua, akasema wazi sikuzunguka. Hitesh akaanza kuwaeleza watu habari za nesi aliyeandika uongo. Ngina anasema Vinod alisimama akamwambia akae chini.

Mji mzima sasa unajua. Leo kanisani Kalondu alinipisha tu kwenye benchi bila mzaha, ikaniuma kuliko yale ya Pasaka. Wameniona mchawi. Mtu nimempokonya mautini nikambeba kwa kichwa changu, na hakuna aliyesema hata asante! Ningemwacha afe wangenivalisha maua.

Jumapili, 23 Juni

Mwaitu alikuja leo.

Saa nane mchana, kumepiga baridi yetu ya Juni na manyunyu. Teksi ilimwacha barabarani, akapanda njia yangu yote peke yake na fimbo. Nilimwona kutoka jikoni, nikatoka mbio na mikono ya unga. Nilimletea kiti, akakikataa. Chai, akakataa. Tulisimama chini ya paa la jikoni, Kikamba chetu kama zamani, isipokuwa aliniita Sista.

Aliniuliza namba yake ilikuwa ngapi. Nikamwambia sabini na moja. Akaniuliza niliijua lini. Nikamwambia Darchen, Jumamosi jioni, kabla hatujaondoka.

Nilikuwa na hotuba yangu tayari, nimeipanga wiki mbili. Jinsi Hitesh alivyomdharau, jinsi daktari, jinsi filimbi, jinsi nilivyopigana tangu Machi mpaka shingo yangu ikapinda. Nilianza. Aliinua mkono.

"Ungeniambia," akasema, "ningewaambia wanirudishe ziwani niwangoje hapo. Ziwa lilikuwa limenitosha, Ndunge. Nilikuambia nimefika."

Nikamwuliza basi kwa nini alipanda farasi.

"Kwa sababu yako. Ulikuwa umenipigania sana. Niliona haya kukuangusha."

Manyunyu yalikuwa yanapiga bati. Akasema na ile asubuhi ya mwisho alipotaka kwenda juu, ni kweli alitaka, maana akiwa tayari amefika pale, kurudi ni aibu. Lakini kufika pale si yeye aliyeamua. Hitesh alimwamulia, hilo alilizoea, ni mwanawe. Daktari alimwamulia. Vinod naye kwa karatasi yake. Akanitazama, akasema, "Wewe nilidhani..." na hakumaliza.

Nilipangusa unga mikononi.

Alifunga kitambaa chake kichwani, akageuka. Njia ilikuwa na utelezi. Nilimnyooshea mkono, akauangalia, akashika ua wa miti badala yake, akateremka mwenyewe mpaka kwenye teksi, na mimi nyuma yake.

Muindi ameuliza mara mbili nina nini. Nimekaa hapa tangu saa tisa nikitafuta mtu wa kumkasirikia, na simpati.